Barua ya wazi: Wanafunzi wa mbali waingie Mwitongo na Magomeni kwa njia ya mtandao

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania, pamoja na viongozi wa Wizara ya Maliasili na Utalii, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na TAMISEMI.

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hii hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Mtwara. Ninaandika kwa niaba yangu na ya walimu wenzangu kadhaa wa somo hili kuomba jambo moja. Tunaomba nyumba mbili za familia ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere ambazo wananchi huzitembelea, yaani makazi ya Mwitongo kijijini Butiama pamoja na makumbusho yaliyo hapo, na ile nyumba ya Magomeni jijini Dar es Salaam, zianze kupokea wanafunzi kwa njia ya mtandao, mubashara, saa za masomo, wakiongozwa na watumishi wa nyumba hizo wenyewe. Hatuombi filamu. Nimeona niliseme hilo mapema, kwa sababu kila ninapolizungumza wazo hili mbele ya wakubwa, anayenijibu huanza kuhesabu kamera na malipo ya wahariri wa picha, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kinachonisukuma kuandika sasa ni mtaala. Tangu mwaka 2024 shule zimeanza kufundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na somo hilo linafundishwa kwa Kiswahili hata huku sekondari, ambako karibu masomo yote mengine yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza sasa anaweza kubishana na mwalimu wake kuhusu TANU bila kutafuta maneno kwanza. Tumepewa somo zuri, na tunashukuru. Kilichobaki ni kumwonesha mtoto kwamba watu anaowasoma humo walikuwa na nyumba, walilala vitandani, walidaiwa dukani na walizika wazazi wao kama anavyoona watu wakifanya kwao.

Kutoka Mtwara hadi Butiama ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Basi la kukodi, mafuta, posho ya dereva na msaidizi wake, chakula na malazi ya njiani kwenda na kurudi, yote hayo yanamwangukia mzazi, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 hakuna mkuu wa shule anayependa kuonekana akiitisha michango, hata ikiwa ya hiari. Fedha zikipatikana, bado kuna barabara. Tangu ajali ya Karatu ya Mei 2017, ambapo basi dogo la shule lilitumbukia korongoni na kuua wanafunzi zaidi ya 30, mzazi anayeletewa fomu ya ruhusa ya safari hukaa nayo siku kadhaa kabla ya kutia saini, na mimi simlaumu. Kwa hiyo ziara ya Butiama imebaki kuwa ya shule za Kanda ya Ziwa na za shule chache binafsi zenye mabasi yao. Watoto wa Newala, Nanyumbu na Tandahimba wanamfahamu Mwalimu kwa ile picha iliyotundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, juu ya kabati la faili.

Kitabu kinamweleza mwanafunzi kwamba Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na kwamba mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, anasahau. Nyumba ya Magomeni inayaeleza mambo hayohayo kwa namna nyingine kabisa. Ni nyumba ambayo Mwalimu aliijenga mwenyewe miaka ya 1950, ya chini, yenye vyumba vya kadiri, ambayo mtoto wa Masasi anaweza kuiona na kusema inafanana na ya mjomba wake. Akiisha kuiona, ile sentensi ya kuacha kazi inabadilika. Anatambua kwamba humo ndani kulikuwa na mke na watoto wadogo, kwamba mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa umekatika, na kwamba Mama Maria aliendesha duka dogo ili watu wale. Mimi naweza kuyasema hayo kwa dakika mbili nikiwa nimeshika chaki. Akiyasema mtu aliyesimama kwenye mlango wa chumba chenyewe, mtoto anakwenda kuyasimulia nyumbani.

Mwitongo ni somo kubwa zaidi, na naona vitabu vyetu vinalipita haraka mno. Pale juu ya kilima cha mawe vipo vizazi kadhaa kwa pamoja. Yapo makaburi ya Chifu Burito na ya Bi Mgaya wa Nyang'ombe, na lipo kaburi la mtoto wao, aliyezikwa hapo tarehe 23 Oktoba 1999. Ipo nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi, ambayo aliikalia kwa muda mfupi tu kabla ya kwenda kutibiwa London, alikofia tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Vipo vitabu vyake kwa maelfu, vya mtu aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12 na baadaye akawa mfasiri wa tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Mwalimu yeyote wa Historia anajua anachoweza kukifanya na mahali kama hapo. Unaweza kumsimamisha mwanafunzi kati ya kaburi la chifu aliyetawala chini ya Waingereza na kaburi la mwanawe aliyewaondoa Waingereza na kisha, mara tu baada ya Uhuru, akayafuta mamlaka ya machifu, ukamwacha atafakari mwenyewe namna mambo hayo mawili yalivyokaa katika familia moja.

Sasa niseme ninachokihofia. Nimeshatembelea nyumba za kihistoria kadhaa kwa njia ya mtandao, za hapa na za nje, na nyingi zimetengenezwa kwa mtindo mmoja. Unafungua, unaona chumba kitupu, unabonyeza mshale, unaingia chumba kingine kitupu. Ukibonyeza kitone kilicho juu ya kiti, yanatokea maandishi ya Kiingereza ya mistari mitatu yanayokwambia kwamba hicho ni kiti. Mwanafunzi anacheza na ile mishale kwa dakika tano, anaizungusha dari, anacheka, anamaliza. Kuna kazi za aina hiyo zilizofanywa kwa ustadi mkubwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa leza na kutengeneza picha za pande tatu ambazo mtaalamu wa majengo atazitumia miaka mingi ijayo. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha Wanazi, kule Amsterdam nayo imewezesha watu wa dunia nzima kuona kwenye skrini yale maficho ya familia yake, vyumba ambavyo kwa wengi ni finyu au viko mbali mno kufikika. Siyabezi hayo hata kidogo. Ila picha ya pande tatu inahifadhi jengo, na mwanafunzi wangu, akishaliona jengo, ana maswali ambayo picha haina wa kuyajibu.

Nilijifunza hilo kwa njia rahisi kuliko nilivyotarajia. Mwalimu mwenzetu aliyekuwa likizoni kwao Musoma alikubali kupita Butiama na kutupigia simu ya video akiwa nje, kwenye njia ya kupanda kilimani. Hatukuwa na projekta wala spika. Tulisimamisha kishikwambi juu ya meza, watoto wakapangwa kwa mistari, wafupi mbele, na simu ya pili iliyobeba sauti tukaitia ndani ya ndoo tupu ya plastiki ili isikike hadi dawati la mwisho. Picha ilikatika mara kwa mara. Lakini maswali hayakukatika, na hayakuwa yale ya kwenye kitabu. Mvulana mmoja alitaka kujua kama huko mtandao unakamata vizuri kuliko kwetu, darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja, anayetoka katika nyumba ya wake wengi, akauliza mama yake Mwalimu alikuwa mke wa ngapi, na je, watoto wa wake wengine nao walisomeshwa? Mwenzetu alijibu sehemu ya kwanza, kwamba Bi Mgaya alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu. Sehemu ya pili ilimshinda, akasema wazi kwamba swali hilo linamhusu mtu wa nyumba hii. Ndiyo maana ninaiandika barua hii kwenu na sikuipeleka kwa kampuni ya kutengeneza video.

Tunachokiomba, basi, ni saa moja. Mhifadhi au mwongoza wageni wa Butiama akiwa na simu nzuri, kishikio cha kuituliza na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, awatembeze wanafunzi kwa mpango unaojulikana, akisimama sehemu tatu au nne tu na kukaa nazo. Makosa ya ziara nyingi, hata zile za miguu, ni kutaka kuonesha kila kitu. Heri watoto waone kitu kimoja kwa karibu hadi wakione kilipochakaa, kilipokarabatiwa na kilipoandikwa jina, kuliko kupitishwa mbele ya makabati yote ya zawadi za kiserikali. Maswali ya wanafunzi yatumwe siku chache kabla, ili mwongozaji ajue darasa hili linatoka wapi na linasumbuliwa na nini, kisha iachwe nusu ya muda kwa maswali yasiyotarajiwa. Mwongozaji azungumze Kiswahili chake cha kila siku, chenye lafudhi ya Mara. Na panapokuwa na wanafunzi viziwi, awepo mkalimani wa lugha ya alama anayeonekana kwenye skrini tangu mwanzo, kwa kuwa shule zenye watoto hao zinajulikana na taarifa zao mnazo.

Nafikiri pia kwamba nyumba hizi mbili zinahitajiana, na mtandao unaweza kuzikutanisha kuliko basi lolote. Chukueni darasa la shule mojawapo ya Butiama au Musoma, ambalo linaweza kufika Mwitongo kwa gharama ndogo, na darasa la shule ya Kinondoni au Ubungo, ambalo linaweza kufika Magomeni kwa mwendokasi. Kila darasa liingie kwenye nyumba ya jirani yake kwa miguu, lipewe maandalizi na wahifadhi, kisha liwaoneshe wenzao wa upande wa pili. Mtoto wa Mara aeleze makaburi na kilima. Mtoto wa Dar es Salaam aeleze vyumba vya Magomeni na mtaa unaovizunguka. Darasa la tatu, la Mtwara au Katavi, liwe limeunganishwa nao, lisikilize na kuhoji wote wawili. Mtoto anayejua kwamba saa 4 asubuhi wenzake wa mkoa mwingine watamuuliza habari za chumba fulani hatakuwa mvivu wa kusoma usiku wake. Nimefundisha miaka ya kutosha kulijua hilo.

Lipo jambo ambalo najua litawatia wasiwasi, nalo ni maswali magumu. Naomba muwaruhusu waongozaji wenu wayapokee. Nitoe mfano wa huku kwetu. Mkoa huu ni wa korosho, na kila mtoto wa hapa ana babu au bibi anayekumbuka kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa katika miaka ya 1970 na kuiacha mikorosho yake porini, mbali kiasi kwamba kuipalilia na kuiokotea ikawa safari. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka kwa miaka mingi, na wanaolichambua jambo hilo hutaja sababu zaidi ya moja: bei duni aliyolipwa mkulima, ugonjwa wa ubwiriunga, na kuhamishwa huko. Mwanafunzi wa Tandahimba akifika Mwitongo, hata kwa skrini, atauliza: je, Mwalimu alijua? Na alisema nini alipojua? Swali hilo halina utovu wa adabu ndani yake. Mwalimu mwenyewe, alipokwisha kuonja matokeo, alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Mwongozaji aliyeandaliwa vizuri anaweza kulipokea swali la kijiji kwa utulivu uleule, akieleza lililokusudiwa, yaani shule, zahanati na maji kwa pamoja, na akieleza lililotokea, bila kutetea wala kushitaki. Kama mwongozaji atapewa karatasi ya majibu yaliyoidhinishwa, basi turudi kwenye filamu, maana filamu nayo haijibu. Watoto wetu wanatambua upesi sana mtu mzima anapowakwepa.

Kuhusu vifaa, hali si mbaya kama inavyodhaniwa mjini, wala si nzuri kama inavyosomeka kwenye taarifa. Walimu wengi tunavyo vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, tulivyogawiwa baada ya kazi hiyo. Baadhi ya shule zina kompyuta kutoka Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Tunachokosa ni vitu vidogo vinavyokwamisha vikubwa: bando, ambalo kwa sasa mwalimu hulinunua mfukoni mwake; Luku inayokwisha katikati ya kipindi; na bati. Mvua ikianza kunyesha juu ya bati lisilo na dari, hakuna kipaza sauti kitakachosikika, kwa hiyo ratiba ya shule za kusini isipangwe katika miezi ya masika. Tunaziomba wizara zikae na kampuni za simu ili muda wa ziara hizi usikatwe kwenye bando la mwalimu. Ni saa chache kwa mwaka kwa kila shule, na ninaamini halitakuwa zoezi la kuzifilisi kampuni hizo.

Zipo pia shule ambazo mtandao haushiki kabisa, na hizo zisiachwe nje halafu zikaambiwa zisubiri mnara. Kwa ajili yao, ziara mojawapo irekodiwe ikiwa na maswali na majibu yake yote, iwekwe kwenye flashi au memori kadi, ipelekwe kwa maafisa elimu kata, na wanafunzi wanaoiangalia wawe na haki ya kutuma maswali yao kwa sauti kupitia simu ya mwalimu pindi anapofika penye mtandao, na kujibiwa. Rekodi isiyoweza kujibiwa ni nusu ya kazi. Rekodi yenye mahali pa kupeleka swali inatosha kuanzia.

Sasa nizungumzie familia, maana hizi ni nyumba za watu. Mwitongo bado ni kwao watu, wapo wanaoishi hapo, na pana makaburi. Jambo lolote litakalofanyika lianze kwa kikao na wanafamilia, na wao ndio waseme ni mlango upi usifunguliwe mbele ya kamera, ni saa zipi watu wanahitaji faragha, na kaburini pafikiwe kwa namna gani. Ningependekeza kamera isiingie ndani ya jengo la kaburi kabisa. Mwongozaji asimame nje, awaeleze watoto, kisha simu igeuzwe upande mwingine wakati wa kutoa heshima, na anayetaka kuona ndani aje mwenyewe siku moja akiwa mtu mzima. Mkataba uandikwe pia kuhusu picha: zibaki mali ya Makumbusho na familia, zihifadhiwe hapa nchini, na asitokee mfadhili wa vifaa akaondoka nazo kwa madai kwamba kamera zilikuwa zake. Kwa upande wa wanafunzi, nyuso na sauti za watoto ni taarifa binafsi, nasi tayari tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa ya mzazi ichukuliwe kwa fomu, na ziara zisirushwe kwenye kurasa za mitandao ya kijamii ili kutafutia taasisi wafuasi.

Najua hoja itakayotolewa na watu wa mapato, kwamba mwanafunzi akiona kwa skrini hatakuja tena kulipa kiingilio. Kwa mwanafunzi wa Nanyumbu hoja hiyo haina msingi, kwa sababu hakuwa anakuja. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam ina msingi, na hapo niko upande wenu. Shule ambayo inaweza kupanda mwendokasi na kushuka Magomeni isipewe ziara ya Magomeni kwa skrini, hata ikiomba kwa barua yenye mihuri mitatu. Iende kwa miguu. Vivyo hivyo kwa shule za Musoma na Butiama. Ziara ya mtandaoni iwe haki ya aliye mbali, mgonjwa, au mwenye ulemavu unaomzuia kusafiri, na isigeuke kuwa kisingizio cha mwalimu mchovu au mkuu wa shule anayebana matumizi. Shule binafsi zilizo mbali zilipie ada ya kiasi, na fedha hiyo igharamie muda wa mwongozaji na bando la shule za umma.

Muda wa mwongozaji nao si jambo dogo. Butiama hupokea wageni kila siku, na mtu yuleyule anayekata tiketi, kuongoza watalii na kufunga milango jioni hawezi kuongezewa kazi ya madarasa ya mtandaoni kwa maneno ya kumtia moyo peke yake. Tunaomba kila nyumba ipate afisa elimu mmoja wa makumbusho ambaye kazi yake ya kwanza ni shule, mwenye simu ya ofisi na ratiba inayoheshimiwa. Kama nafasi mpya haiwezekani mwaka huu, Wizara ya Elimu ingeweza kumwazima Makumbusho mwalimu mmoja wa Historia kutoka shule za jirani kwa siku mbili za wiki. Walimu wa somo hili wenye uwezo na shauku hiyo wapo, na ninadhani mtapata waombaji kuliko nafasi.

Ombi langu kuhusu kalenda ni fupi. Msizirundike ziara zote Oktoba. Kila mwaka Siku ya Nyerere inapokaribia tunapata mialiko, hotuba na mashindano ya insha, na wiki inayofuata kila kitu kinarudishwa kabatini. Isitoshe, Oktoba na Novemba ni miezi ambayo shule zimejaa maandalizi na mitihani ya taifa, kwa hiyo hata mwenye nia hapati kipindi. Miezi ya Julai hadi Septemba ingefaa zaidi kwetu: mvua zimekwisha, muhula wa pili umeanza, na mwalimu ana nafasi ya kupumua.

Tunapendekeza jaribio la muhula mmoja, kwa shule chache za mikoa ya pembezoni, kabla ya kutumia fedha yoyote kubwa. Shule yetu inajitolea kuwa mojawapo, pamoja na ile ndoo yake. Tuko tayari kuandaa maswali ya wanafunzi, kuandika taarifa ya kila kipindi ikionesha kilichokwama na kilichokwenda, na kuwapokea watumishi wenu huku wakitaka kuona darasa linavyokaa. Tunachohitaji kutoka kwenu ni jina la afisa wa kuwasiliana naye kila upande, Butiama na Magomeni, kibali cha kutumia muda wa vipindi, na tarehe. Tungeshukuru kupata majibu kabla ya wakuu wa shule kukaa kupanga ratiba ya muhula wa pili, kwa sababu baada ya hapo kila kipindi kinakuwa kimekwisha kugawiwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia, shule ya sekondari ya kata, Mkoa wa Mtwara

Nakala: Maafisa Elimu wa Mikoa ya Mtwara, Lindi, Ruvuma, Rukwa na Katavi, wanafamilia, Mwitongo, Butiama.